Nyumba Njema Si Mlango

Nakusalimu wewe uliyekwisha kufika nyumbani, umekaa kibarazani na redio yako, na nakusalimu wewe ambaye bado uko kwenye foleni, umesimama ndani ya daladala huku umeshika bomba.

Leo nataka tuzungumze juu ya huko mnakokwenda. Nyumbani. Nataka hasa kusema na wale waliooana juzijuzi, wenye mtoto mmoja au wawili wadogo, wanaotafuta pa kukaa katika jiji hili la Dar es Salaam. Kama wewe si mmoja wao, usizime redio. Huenda ni mwanao, huenda ni mdogo wako, huenda ni mpangaji wako.

Wahenga walisema nyumba njema si mlango. Walitufundisha tusiishie kutazama mlango, tufungue tuingie ndani. Mimi leo nauchukua msemo huo kwa maana yake ya wazi kabisa. Nasema hivi: bei unayotajiwa mlangoni siyo bei ya nyumba. Nyumba ina bei nyingine iko ndani, na hiyo ndiyo inayoziumiza familia changa. Shika neno hilo, maana nitalirudia. Bei ya mlangoni, na bei ya ndani.

Tuanze na mfano. Tuwachukue mume na mke, tuwaite Baba Neema na Mama Neema. Majina ni ya kwangu, lakini watu hawa unawajua, wako mtaani kwako. Baba ni fundi umeme, anashinda Kariakoo. Mama ana cherehani yake kwenye kibaraza cha duka, Buguruni. Neema ana miaka miwili, na mama ni mjamzito. Wanakaa chumba kimoja. Pazia limekigawa, upande huu kitanda, upande ule mtungi wa gesi, ndoo za maji na viti viwili vya plastiki. Mtoto wa pili akija, pazia halitatosha. Wanatafuta chumba na sebule, chenye choo chao na Luku yao.

Jumapili saa tatu asubuhi wanakutana na dalali kituoni, Tabata. Dalali amekuja na bodaboda, ana simu mbili, zote zinaita. Kabla hajapiga hatua anaomba hela ya kuonyesha nyumba, shilingi 10,000. Wanatoa. Nyumba ya kwanza ni nzuri kwa maneno, lakini choo ni cha wapangaji sita. Nyumba ya pili ina marumaru chini na dirisha la alumini, na Mama Neema moyo wake unatulia. Mwenye nyumba anatoka uani na kanga yake.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Mna watoto wangapi?"

"Mmoja, mama."

Mama mwenye nyumba anamtazama Mama Neema tumboni. "Mmoja, na wa pili yuko njiani. Mwanangu, hapa sitaki watoto. Wanachora kuta."

Msikilizaji, nimekaa nikalifikiria jibu hilo. Familia inahama kwa sababu ya mtoto, na inakataliwa nyumba kwa sababu ya mtoto huyohuyo. Sasa mtoto akakae wapi? Sisi wenye nyumba, tulizaliwa wakubwa?

Wanakwenda nyumba ya tatu. Hii inapatikana. Dalali anasema, kodi ni shilingi 150,000 kwa mwezi. Baba Neema anahesabu moyoni, anaona wataweza. Tuhesabu naye, nitakwenda polepole ili hata aliye njiani afuatane nasi. Mwenye nyumba anataka miezi sita kwa mkupuo, hiyo ni 900,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja iwe ujira wake, hiyo ni 150,000. Elfu kumi ya kuonyeshwa imeshatoka. Kirikuu ya kuhamisha vyombo, tuseme 40,000. Jumla ni shilingi 1,100,000. Umetajiwa laki moja na nusu, unatakiwa kutoa milioni moja na laki moja, na utoe leo, maana dalali anakwambia kuna mtu mwingine yuko njiani na hela mkononi.

Umeiona bei ya mlangoni? Umeiona bei ya ndani?

Fundi umeme na mshona nguo hawapati fedha kwa mkupuo. Wanapata leo kidogo, kesho kidogo, keshokutwa hakuna. Ukiwataka walipe miezi sita kwa siku moja, umewaambia waingie kwenye mikopo. Watakopa kikoba, watakopa kwenye simu, watauza simu yenyewe. Watahamia nyumba mpya wakiwa na deni, na deni likiisha, miezi sita nayo imeisha. Mzunguko unaanza upya. Familia ya namna hiyo itaweka akiba lini ya kununua kiwanja?

Sitaki tumtukane mwenye nyumba. Wenye nyumba wengi wa mji huu si matajiri. Ni mjane aliyeachiwa vyumba vinne, ni mstaafu aliyejenga kwa kiinua mgongo chake. Akichukua kodi ya miezi sita anakwenda kununua bati, au kulipa ada ya mtoto. Naye benki haimtazami. Kwa hiyo fikiri kidogo juu ya jambo hili, msikilizaji. Kodi ya miezi sita ni mkopo usio na riba, na anayeutoa ni familia changa isiyo na kitu. Asiye na nyumba ndiye anayemkopesha mwenye nyumba. Zamani tulikuwa na sheria ya kudhibiti kodi za pango, ikafutwa mwaka 2005, na tangu hapo pango ni makubaliano. Makubaliano ni jambo jema pale wote wawili wanapokuwa na nguvu ya kukataa. Mama mjamzito mwenye vyombo barazani ana nguvu gani ya kukataa?

Kabla hatujatoka kwenye kupanga, niseme mambo mawili madogo ya kukusaidia kesho asubuhi. La kwanza, dai mkataba wa maandishi na risiti, hata kama mwenye nyumba ni mtu wa kwenu. La pili, kodi ya jengo. Tangu mwaka 2021 kodi hiyo inakatwa kwenye Luku, anaponunua umeme mwenye kutumia mita. Jengo ni la mwenye nyumba, lakini anayenunua umeme ni wewe. Ulizeni mapema, mkubaliane itafidiwaje. Ni fedha kidogo, lakini fedha kidogo isiyosemwa ndiyo inayoleta ugomvi uani.

Hilo ndilo la kupanga. Sasa tuingie kwenye lile ambalo kila mpangaji analiota. Kwake.

Nani asiyeijua ndoto hiyo? Kila mpangaji wa Dar es Salaam ana kiwanja, hata kama bado kiko kichwani tu. Na mji huu, ndugu zangu, ulipata kujua namna ya kuwapa nafasi wanaoanza. Wazee wetu walikuwa na ile nyumba ya Kiswahili, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, uani jiko, choo na bomba. Mwenye nyumba alikaa chumba cha mbele, vingine akapangisha, na bwana na bibi harusi walipata pa kuanzia. Mwaka 1962, nchi ilipokuwa ndiyo kwanza imepata uhuru, likaundwa Shirika la Nyumba la Taifa. Miaka ya 1970 serikali ikapima viwanja Sinza, Kijitonyama na Mikocheni kwa mkopo wa Benki ya Dunia. Mtu akapewa kiwanja chenye barabara, akaambiwa ajenge kwa uwezo wake. Si wote waliokusudiwa ndio waliovipata, lakini tazama Sinza leo. Mwaka 2002 ukaanza ule mradi wa viwanja 20,000, na watu wakapata maeneo yaliyopimwa Bunju, Mbweni, Kibada, Gezaulole, Buyuni na Mwanagati. Na juzi hapa, mwaka 2022, zikafunguliwa nyumba za Magomeni Kota kwa ajili ya kaya 644 zilizokuwa zikiishi pale zamani.

Kwa nini nayataja haya? Ili tusiambiane kwamba haiwezekani. Imewahi kuwezekana. Tatizo ni kwamba mji unakua kuliko kasi ya vipimo. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu zaidi ya milioni tano na laki tatu katika mkoa huu. Watu hao hawasubiri mpima ardhi. Wanajenga kwanza, mpima anakuja baadaye.

Utaniuliza, na benki je? Nchi za wenzetu kijana anakopa nyumba, anailipa miaka ishirini. Hapa tuliwahi kuwa na Benki ya Nyumba, ikafa mwaka 1995. Siku hizi mabenki yanatoa mikopo ya nyumba, na tangu mwaka 2010 kuna taasisi ya kuyapatia fedha za muda mrefu kwa kazi hiyo. Ni hatua. Lakini benki itakuuliza mambo mawili: hati miliki iko wapi, na mshahara wako unapitia wapi. Baba Neema hana mshahara, ana kazi. Mama Neema ana cherehani. Mlango wa benki uko wazi, lakini ndani hakuna kiti chao. Ndiyo maana familia nyingi zinabaki na njia ileile ya wazee wetu: kiwanja kwanza, halafu tofali moja baada ya jingine.

Basi twende kwenye kiwanja. Na hapa naomba unisikilize kwa makini kuliko kote tulikopita.

Miaka iliyopita mimi mwenyewe nilipelekwa kuona kiwanja. Ilikuwa mwezi wa Agosti. Ardhi kavu, nyasi zimenyauka, upepo mzuri, na bei ilikuwa nusu ya viwanja vya juu kule kilimani. Dalali akanihimiza nitoe hata malipo ya awali. Wakati anaongea na simu nikasogea kwa jirani kuomba maji ya kunywa. Akatoka bibi mmoja, akanipa maji kwenye kikombe cha bati. Nikaona ukutani kwake, usawa wa goti, mstari wa rangi ya udongo umeizunguka nyumba yote, kama mtu aliyeupiga kwa rula. Nikamuuliza, bibi, huu mstari ni wa nini? Akanitazama, akasema, "Mwanangu, umekuja kiangazi. Rudi masika."

Nikarudi mwezi wa Aprili. Kiwanja sikukiona. Niliona maji, na juu ya maji ncha za miti ya mpaka. Yule bibi alikuwa amepandisha godoro juu ya meza.

Msikilizaji, nikiambiwa niache neno moja tu katika mazungumzo ya leo, nitakuachia neno la yule bibi. Rudi masika. Usinunue kiwanja ulichokiona kiangazi peke yake. Kama masika iko mbali, tazama kuta za majirani, uwaulize maji hufika wapi. Mji wetu umeona Bonde la Msimbazi likifurika mara nyingi. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliondoa maisha ya watu, na familia nyingi zikahamishwa kutoka bondeni kwenda Mabwepande kuanza upya. Watu wale hawakwenda kukaa bondeni kwa kupenda maji. Bei ya mlangoni ilikuwa ndogo. Bei ya ndani ililipwa mvua iliponyesha.

Baada ya maji, karatasi. Katika nchi yetu ardhi yote ni mali ya umma, Rais ndiye mdhamini wake, na sisi tunapewa haki ya kuitumia. Haki hiyo ina karatasi za aina mbalimbali, na si zote zina uzito mmoja. Kuna hati miliki, ambayo ni ya muda mrefu, inafika hata miaka 99. Kuna leseni ya makazi, ambayo ni ya muda mfupi. Na kuna karatasi ya mauziano iliyoandikwa kwa mkono mbele ya mjumbe na mashahidi wawili. Watu wengi wameishi na kuzeeka juu ya karatasi ya namna hiyo, siidharau. Lakini karatasi hiyo inasema tu kwamba fulani amemuuzia fulani. Haisemi kama fulani alikuwa na haki ya kuuza. Hapo ndipo vijana wanapopigwa.

Kwa hiyo fanya mambo matatu. Nayasema taratibu, na nitayarudia.

Jambo la kwanza, ulizia eneo. Uliza ofisi ya serikali ya mtaa, halafu usiishie hapo, nenda kwa maofisa wa ardhi wa halmashauri. Waulize mchoro wa mipango miji unasema nini juu ya mahali pale. Kuna watu wamejenga kwenye eneo la shule, wengine kwenye njia ya barabara, wakaja kuona alama nyekundu ukutani.

Jambo la pili, kama kiwanja kina hati, fanya upekuzi. Hati ikiwa mkononi mwa muuzaji haitoshi. Kwenye ofisi ya Msajili wa Hati kuna kumbukumbu zinazoonyesha mwenye kiwanja ni nani, na kama kimewekwa rehani benki. Unaandika maombi, unalipa ada, unapewa majibu. Gharama yake ni ndogo sana ukilinganisha na gharama ya wakili baada ya kuuziwa kiwanja cha mtu.

Jambo la tatu, muulize muuzaji, mwenzako yuko wapi? Mke wake, au mume wake. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inasema mtu haruhusiwi kuuza nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzi wake. Ukimwona bwana anauza nyumba haraka haraka, tena anasema mke amesafiri, subiri mke arudi. Asiporudi, na wewe rudi nyumbani na fedha zako.

Nayarudia. Ulizia eneo. Fanya upekuzi. Tafuta ridhaa ya mwenzi. Na ukiambiwa kuna mteja mwingine yuko njiani, mwambie dalali amruhusu apite.

Bado tuko pamoja? Sasa nije kwenye bei nyingine ya ndani, ambayo hakuna dalali atakayekutajia. Umbali.

Baba na Mama Neema wamepata kiwanja. Kiko mbele ya Chanika. Kimepimwa, majirani ni watu wema, hakuna maji ya kufurika. Wanafurahi, na wana haki ya kufurahi, maana wakijenga watakuwa wameachana na kodi. Lakini Baba anafanya kazi Kariakoo na Mama yuko Buguruni. Tuseme kila mmoja anatumia shilingi 3,000 kwa siku, bodaboda mpaka barabarani, kisha daladala, na kurudi vilevile. Kwa siku 26 za kazi ni shilingi 78,000. Kwa wote wawili ni shilingi 156,000.

Kumbuka, kodi yao kule Tabata ilikuwa shilingi ngapi? Laki moja na nusu. Wameikimbia kodi wakaikuta barabarani, na imeongezeka.

Halafu kuna bei isiyolipwa kwa shilingi. Baba anaamka saa kumi alfajiri. Anatoka Neema amelala, anarudi Neema amelala. Mtoto anamjua baba yake Jumapili hadi Jumapili. Maji yananunuliwa kwa madumu, na zahanati iko mwendo wa bodaboda usiku wa manane. Mwanamke mjamzito lazima ayajue haya kabla ya kuhamia, asiyajue siku ya uchungu.

Sisemi msinunue mbali. La hasha. Mji unakwenda mbali, na nyie hamna budi kwenda nao. Wazee wanaokumbuka Sinza ya zamani wanasema palikuwa shamba. Ninachosema ni kwamba mnunue mkiangalia njia. Usiulize tu kiwanja kiko wapi, uliza barabara inakwenda wapi. Mwaka 2016 lilifunguliwa Daraja la Kigamboni, na mwaka huohuo mabasi ya mwendokasi yakaanza kwenda Kimara. Aliyekuwa na kiwanja kule kabla ya hapo aliona siku yake inafupika. Na tena, tazameni kama kazi moja inaweza kuhamia nyumbani. Cherehani ya Mama Neema haina sababu ya kulala Buguruni. Chanika nako watoto wanavaa sare za shule. Nauli ya mtu mmoja ikiisha, hiyo ni shilingi 78,000 inayobaki mezani kila mwezi, na mama yuko karibu na watoto.

Mmenunua, mnataka kujenga. Hapa nitasema moja tu, kwa sababu ninaliona kila ninapopita Goba, Madale au Chanika. Mapagala. Nyumba za vyumba vinne, sebule kubwa, msingi umepanda, kuta zimefika kwenye renta, halafu basi. Fedha zimeisha. Mti umeota sebuleni, na mwenye nyumba bado anapanga chumba mjini, analipa kodi ya miezi sita. Ndugu yangu, hilo pagala lina milioni ngapi zimelala mvuani?

Kijana, anza na kidogo unachoweza kukimaliza. Mwambie fundi akuchoree ramani ya nyumba inayokua. Chumba kimoja na choo, vipauliwe, viwekwe mlango na dirisha, mhamie. Halafu sebule. Halafu chumba cha watoto. Ukuta wa kuongezea uachwe tayari na msingi wake. Tofali likipata paa linakulinda, likikosa paa linaharibika. Usione haya watu wakisema nyumba ni ndogo. Walio kwenye nyumba ndogo yao hawaulizwi wana watoto wangapi.

Msikilizaji, muda wetu unayoyoma, lakini kuna jambo moja sitakubali tuagane bila kulisema. Jina.

Kiwanja kimenunuliwa na wawili. Fedha za kikoba cha Mama Neema zimo, fedha za nyaya za Baba Neema zimo. Siku ya kuandikishana, kalamu inashikwa na mmoja. Mara nyingi ni mwanamume, na mama amekaa pembeni ananyonyesha. Hakuna mwenye nia mbaya, ndivyo tulivyozoea. Inapita miaka kumi. Mungu apishe mbali, baba anafariki. Wanakuja shemeji na wajomba, wanafungua karatasi, jina ni moja. Mama aliyebeba ndoo za maji ya kumwagilia tofali anaambiwa alete ushahidi.

Sheria yetu ya ardhi ya mwaka 1999 inasema mwanamke ana haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi. Basi haki hiyo iandikwe. Baba Neema, siku ya kuandikishana, mwambie mwandishi aandike majina mawili. Hujapungukiwa na kitu. Umewalinda watoto wako siku ambayo wewe hutakuwepo kusema. Na wewe Mama Neema, usikae pembeni. Mpe bibi mtoto, usogee mezani, usome kila mstari kabla hujaweka sahihi.

Sasa nimalizie kwa kuwageukia wahusika.

Wenye nyumba, nawaomba kama ndugu. Jaribuni kupokea kodi ya mwezi mmoja, au miezi miwili, kwa mpangaji mwenye mkataba na mdhamini. Mtapata mpangaji asiye na madeni, na mpangaji asiye na madeni hakimbii usiku. Na msiwafukuze watoto. Ukuta uliochorwa na mtoto unapakwa rangi kwa siku moja.

Viongozi wetu wa mitaa na halmashauri, wekeni ramani za maeneo yenu ukutani, mahali mwananchi anaweza kuziona bila kumjua mtu. Andikeni wazi: hapa ni shule, hapa ni barabara, hapa maji hupita. Karatasi moja ukutani ingeokoa akiba za maelfu ya vijana. Na serikali, pimeni viwanja kabla watu hawajafika, tena viwanja vidogo, karibu na njia za mabasi, kwa bei ya fundi na mshona nguo. Sinza ilipimwa. Kibada ilipimwa. Kazi hiyo tunaijua.

Na ninyi vijana wenyewe, Baba Neema na Mama Neema popote mlipo, msiogope na msikimbilie. Mkitajiwa bei mlangoni, ingieni ndani mkahesabu. Hesabuni nauli. Hesabuni maji. Hesabuni saa za kulala na saa za kukaa na mtoto. Ulizeni majirani. Rudini masika. Na siku mkipata, hata kama ni chumba kimoja na choo chini ya bati nane, andikeni majina yote mawili.

Nakutakia jioni njema, na aliye njiani afike salama.